Tulivyokimbia na viatu vya theluji jangwani Doha kutafuta leave yetu wenyewe

Wakuu, heshima zenu.

Nimesoma nyuzi za Gulf humu miaka mingi bila kuchangia. Leo naleta yangu. Ni ya kweli, nilikuwepo na miguu yangu miwili, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia haujaota sawa mpaka leo. Wa kubisha abishe, ila asome kwanza.

Ilikuwa 2014. Nilikuwa guard kwenye kampaundi moja ya mabosi pale Al Thumama. Kulala tunalala Industrial Area, watu sita chumba kimoja. Wawili kati yao ndio wanahusika hapa.

Wa kwanza Kiprono, Mkalenjin wa Kericho. Najua mshaanza kuona medali. Tulieni. Kiprono alikuwa kilo mia na kitu, na akipanda ngazi za camp lazima apumzike kila kona.

Wa pili Ssali, Mganda wa Masaka, dereva wa basi letu la kazini. Maneno yake machache kuliko petroli ya mwisho wa mwezi.

Mimi ni Mtaita. Mara ya mwisho kukimbia kwa nia, ndovu alikuwa nyuma yangu kwenye mahindi ya baba.

Sasa bosi wetu mkuu, tumwite Mista Glen, alitoka nchi ambayo theluji inakaa miezi sita. Kwao wana mchezo wa kukimbia milimani na viatu vya ajabu, snowshoes. Ni fremu pana ya plastiki yenye meno ya chuma chini, unaifunga juu ya kiatu chako usizame kwenye theluji.

Mchezo huo alikuwa ameukosa mpaka akaanza kukonda. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye akaagiza pea kumi na mbili, akatangaza mashindano kwenye vilima vya mchanga, ukishapita Al Wakrah ukielekea kusini.

Theluji ya nini na mchanga upo.

Timu za watu watatu watatu. Tatu za mabosi wa ofisini, moja ya sisi watu wa getini. Kwa nini sisi? Alisema mwenyewe, meno yote nje: "You guys are Kenyans!"

Ssali akainua mkono. "Sir, mimi Mganda."

"Even better," akajibiwa. Sijaelewa hadi leo.

Zawadi ndiyo iliyotuingiza. Timu itakayoshinda, leave inapitishwa wiki hiyo hiyo.

Kwa ambao hamjafika kule: enzi hizo hutoki Qatar bila kampuni kukutilia sahihi. Mkataba wetu ulisema leave kila miaka miwili. Sisi tulikuwa na miaka miwili na miezi saba. Ukienda HR unaambiwa inshallah, next month. Hiyo next month ilikuwa haizeeki.

Mimi na Ssali tungevumilia. Kiprono hapana. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali imempa nafasi ya upasuaji mara mbili, na mara zote mbili amegoma kuingia theatre. "Mpaka Kiprono aje anishike mkono." Mabinti wakabembeleza, pasta akabembeleza. Mama hasikii la mtu.

Basi yule jamaa wa kupumzika kwenye ngazi akaanza kuamka alfajiri, anazunguka nyuma ya camp na maplastiki miguuni. Wanepali walikuwa wanatoka na chai kumtazama. Mmoja, mtu wa milima yenye theluji halisi, akaniuliza kwa upole, "Brother, kwetu theluji ikianguka tunakaa ndani. Huyu anafukuzwa na nani?"

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa asubuhi, Januari, kibaridi cha jangwani. Mabosi wamekuja na saa za kupima mapigo ya moyo. Jamaa wa finance amevaa suruali ya kubana mpaka tukawa tunaangalia baharini. Mwenye mic akatutangaza: "From Kenya, land of champions!" Kiprono akapunga mkono kama mheshimiwa.

Kanuni: kupanda kilima kikubwa, kuzunguka bendera upande wa pili, kurudi. Muda unasimama mtu wa mwisho wa timu akivuka mstari. Yaani muda wetu ni Kiprono.

Filimbi ikalia. Mabosi wakakivamia kilima uso kwa uso. Nikataka kuwafuata, Ssali akanidaka fulana na "bwana" yake ya Kiganda.

"Ssebo, wacha. Huko ni laini, hata Land Cruiser inalala. Tuzunguke upande unaopigwa na upepo, mchanga umekaza."

Huyo ndiye Ssali. Miaka miwili hasemi kitu, kumbe alikuwa anahifadhi.

Tukazunguka. Njia ndefu, ila mguu unashika. Tukasikia mayowe. Jamaa wa finance alikuwa amekaribia kileleni, meno ya kiatu kimoja yakanasa kamba ya kingine, akateremka kilima kizima kwa mgongo, na njiani akawazoa wenzake wawili. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikameza mchanga.

Kwenye bendera kamba ya kiatu cha Kiprono ikakatika. Akakaa chini. "Nendeni tu."

"Twende wapi, na muda ni wako!"

Ssali akavua utepe wa kitambulisho shingoni, akamfungia kiatu, akamvuta asimame. Nyuma timu moja ya mabosi inakuja kwa kasi. Mita za mwisho Kiprono hakukimbia wala hakutembea. Alivuka mstari kwa magoti. Tukashinda.

Mista Glen akatukumbatia. Kisha bwana wa HR akashika mic na faili lake. Akasema leave ni zawadi ya staff wa ofisini. Guards na madereva hawawezi kuachiwa watatu kwa mpigo, kazi italala. Sisi tutapewa taulo zenye nembo ya kampuni.

Leave ikaenda kwa timu namba mbili, watu wanaoenda kwao kila Krismasi.

Makofi yakapigwa. Makofi, wakuu.

Kiprono akainuka. Akatoa mfukoni fomu ya leave, imejazwa yote, imefungwa kwenye nailoni. Akaenda mpaka kwa Mista Glen, viatu bado miguuni, mpiga picha anapiga.

"Sir, sitaki taulo. Weka sahihi hapa."

HR akaruka. "Not here, my friend. Sunday, office."

"Mama yangu haoni, sir. Na miaka miwili imepita."

Mista Glen akasoma tarehe za ile fomu. Akamgeukia HR. "Hii ni haki yake tayari?"

HR akajifanya anapekua faili. Mista Glen, muda wote huo anatuongoza, alikuwa hajui. Au hakuwahi kuuliza, chagueni wenyewe. Akaomba kalamu, akasaini juu ya mgongo wa Ssali.

Mimi na Ssali hatukubeba fomu. Tulibeba ndizi. Nilipata leave yangu miezi minane baadaye.

Kiprono aliondoka baada ya siku kumi na moja. Alimshika mama mkono mpaka mlango wa theatre. Siku ya kufunguliwa bandeji akatupigia simu. Mama alimwangalia juu mpaka chini, halafu akasema: "Na wewe si ulisema huko Arabuni unakonda?"

Nilichojifunza: kilichoandikwa kwenye mkataba wako usikubali kigeuzwe zawadi. Ukishakubali kukikimbilia, hata ukishinda wao ndio wataamua umeshinda nini. Na fomu yako tembea nayo.

Mliopita Gulf, nyie mlirushwa kichurachura kwa kitu gani kilichokuwa chenu? Mwageni hapa. Wale wa "si ungeacha tu kazi", kwanza tuambieni passport zetu zilikuwa kwenye droo ya nani.