Chungu Kizingitini

Chuoni Columbus, huku ughaibuni, nilisoma historia ya kale ya Japani, na ngano yao moja iliniudhi: mtoto wa kwanza wa miungu alizaliwa dhaifu, wazazi wakamwacha achukuliwe na maji. Mwalimu akasema ardhi nayo ina maneno yake. Wachimbaji walikuta vyungu vimezikwa vizingitini mwa nyumba. Huenda ndani mliwekwa vichanga waliokufa, ili mama akipita juu yao warudi tumboni.

Nikamsimulia mama jikoni kwetu, kitongoji cha Whitehall, nikidhani atafurahi. Akaacha kuosha sahani.

"Mutoto wetu wa kwanza nilimuzika pale mlangoni, Kivu, mbele ya kukimbia vita," akasema. Sikuwahi kusikia habari zake. "Bon. Sasa nani anapita juu yake?"