Pasi ya Dada Rozina

Dismas alikuwa na uraibu usiomfaa mwanafunzi anayeishi kwa skolashipu: noti za kale za Marekani, zile zilizotolewa na benki za miji midogo, kila moja na jina la benki yake. Wenzake chuoni walimcheka kwamba ananunua pesa kwa pesa, tena pesa isiyonunua hata tambi.

Mwaka 2007, katika duka la vikorokoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akaokota dodo chini ya mwarobaini. Ilikuwa noti ya dola kumi ya mwaka 1929, ya benki ambayo noti zake karibu zote zimekwisha kupotea. Mnunuzi mmoja, ambaye angepita uwanja wa ndege wa Baiyun Jumamosi akibadilisha ndege, aliahidi bei ya kutosha tiketi ya kumleta Martina, mkewe Dismas, ambaye Dismas hakuwa amemtia machoni tangu aje masomoni ng'ambo. Sharti lilikuwa noti isiwe imefuliwa wala kunyooshwa. Kwa wakusanyaji, mkunjo wa uzee husameheka; pasi haisameheki.

Bweni lilikuwa na mikono mirefu, basi akaitia noti kwenye bahasha, akaificha kwa Dada Rozina, mfanyabiashara wa nguo wa kwao Songea aliyepanga chumba mtaa wa Kangle, mjini humo humo. Jumamosi alipoingia, alikuta dola zimeanikwa kwenye kamba kama soksi, na dada anapiga pasi nyingine. Wabadilisha fedha hukataa dola chafu, kwa hiyo Rozina alizifua zote kwa sabuni ya unga.  Dismas akauliza, kwa sauti ndogo, bahasha yake iko wapi.

Rozina akaweka pasi chini, akafunga mlango, akaitoa bahasha chini ya godoro.

"Mdogo wangu, sikutaka kukuaibisha mbele za watu. Umepigwa. Tangu lini dola ikaandikwa jina la benki ya kijijini? Sikuona sababu ya kuchoma umeme wangu kupigia pasi pesa bandia."

Noti ilikuwa na mikunjo yake yote. Dismas alishukuru Mungu kwa sauti, akacheka hadi machozi yakamtoka. Rozina, akidhani analilia hasara, akachomoa noti moja ya dola kumi kwenye kamba na kumtilia mkononi, amtumie Martina.

Martina alikuja kabla ya Krismasi. Dismas alipomwonyesha albamu yake ya noti, ukurasa wa kwanza ulikuwa na dola kumi ya juzijuzi tu, safi, iliyonyooka, yenye harufu ya sabuni.