Saa ya Kutoka

Tulikuwa tumezunguka vyuo vitatu tangu asubuhi, na binti yangu bado hajui ajiandikishe wapi. Kwenye kila lango alimuuliza mlinzi jambo lile lile: “Tonton, masomo inaisha saa ngapi?”

Mlinzi wa tatu akacheka. “Benzako wanauliza udaktari, médecine, weye unauliza saa ya kutoka?”

Nikamkemea: “Unatafuta chuo ao usingizi?”

Akainamia viatu vyake. “Papa, kama nafika kwetu Bagira usiku, nani atakupikia?”

Mama yake tulimzika mwaka jana, Mungu amrehemu. Nikamwambia achague chuo anachopenda, nitapika mwenyewe.

Akanitazama. “Mboga ya sombe inakaa ku moto masaa ngapi?”

Nilimgeukia mlinzi; naye akatazama barabara. Wazazi wenzangu, mtoto hajachagua chuo, baba ameshashindwa mtihani wa kuingia jikoni.