Kivuli cha Pili

Rubani aliyeitwa Mpole alikuwa akishuka kwenye uwanja mdogo usio na mnara wa kuongozea ndege. Alikwisha tangaza redioni, hakujibiwa. Jua lilikuwa la utosini, na pale chini, kando ya kivuli cha ndege yake, akaona kivuli cha pili kikijongea. Mabawa yaliyokuwa juu ya kichwa chake yalimziba asione kitu. Kupanda hathubutu, na ardhi hiyo imekaribia. Akakata kushoto, roho mkononi.

Ndege nyingine ikatua kwa raha zake. Akateremka baba mkwe wake, mwenye ndege zote mbili, ambaye redio huizima kana kwamba anga ni sebule yake.

“Leo tulikuwa peke yetu, mwanangu. Redio yako nayo uizime, inachosha masikio.”

“Sawa, baba,” alijibu Mpole, maana mkwe hakaripiwi.