Mirija ya Chumba cha Picha

Muuguzi wa chumba cha picha za eksirei hospitalini alichagua mirija ya kupitishwa mishipani kama anayechagua karoti katika soko la Nakuru: aliuviringisha mmoja vidoleni, akaurudisha, akachukua mwembamba zaidi. Ncha aliitia katika maji yanayochemka, akaikunja kwenye kidole chake cha mwisho, kisha akaizamisha katika maji baridi ili ibaki imepinda, tayari kuingia katika tawi la mshipa wa damu liendalo kwenye figo. Muda wote aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani, na Namalwa, muuguzi mwenzake aliyeitamani sana kazi ile ya kukunja mirija, aliuchukia wimbo huo, Mungu amsamehe.

Siku moja yule muuguzi akamsukumia Namalwa mrija. "Kunja wewe leo, dada. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi." Namalwa akaikunja ncha. Daktari akausukuma polepole ndani ya mgonjwa, macho kwenye skrini ya eksirei, na mrija ukaingia tawini mara ya kwanza.

"Sista, kama kawaida yako!" daktari akamsifu yule mwenye kuimba.

"Huo si wangu, daktari. Ni wa Namalwa."

Namalwa akainamisha kichwa, moyo ukimchoma. Laiti mwanamke yule angenyamaza tu, angalau angempa sababu moja ya haki ya kumchukia.