Nilivyomtafsiri Mama

Uwanda ulipochukuliwa kuwa shamba la ngano la serikali, sisi wa Nangwa tulibaki na vipande vya mteremkoni. Kila Jumapili baada ya ibada wanawake walikaa nyuma ya kanisa, wakaulizana nani kapanda nini na mbegu ya nani imevumilia jua. Mama alikuwa akienda kwa miguu hadi kwa dada yake kijijini Tumati, akarudi na habari pamoja na mbegu alizozifunga kwenye kitambaa, akawagawia wenzake.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, bwana shamba mgeni aliitisha mkutano. Hakujua Kiiraqw, na akina mama wengi hawakujua Kiswahili, nikawekwa kuwa mkalimani. Alitaka tupande mahindi ya mbegu mpya. Mama akasimama, akaeleza kwamba dada yake aliipanda mbegu hiyo, mvua ikakatika, ikakauka yote. Akaomba waachiwe nusu ya kila shamba wapande mtama.

Nilitazama miguu yake yenye matope na kaniki yake iliyopauka, nikaona aibu. Tena nilikuwa natamani kazi ya ukarani kule kwenye ngano.

"Mama anashukuru," nikamwambia bwana shamba. "Anasema watapanda wote."

Akatabasamu, akaandika. Mama akaniuliza amejibu nini kuhusu mtama. Nikamwambia amekataa.

Wakapanda mahindi matupu. Mvua ilikatika yakiwa yamefika magotini. Mwaka ule tulikula vya kuombaomba kwa ndugu, na kazi ya ukarani sikuipata.

Jirani mmoja aliyewahi kuishi mjini Katesh alikuwa amesikia Kiswahili changu siku ile, akanyamaza kwa kumwonea mama haya. Njaa ilipombana, alimwambia mama nilivyogeuza maneno yake. Mama hakunipiga. Aliacha tu kwenda nyuma ya kanisa, na wenzake walipomfuata nyumbani kumwuliza wapande nini msimu mwingine, aliwajibu, "Mwulizeni mkalimani."

Hawakuniuliza. Nikiwakaribia walihamisha mazungumzo, wakazungumzia watoto. Mama alifariki bila kunionyesha alivyochagua mbegu, na mimi sikuthubutu kumwomba. Siku hizi nanunua mbegu za pakiti dukani Katesh, nasoma maelezo nyuma ya pakiti, napanda peke yangu. Mwaka jana hazikuota, na sikuwa na wa kumwuliza kwa nini.