Taa ya Mafuta Iliwakia Kibati

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa kikwembe kipya, kitenge ya kufunga. Mama yangu njo alinifunga, akasema ku kazi mutu anaingia akiwa safi. Nilifika mu garaje, pale Goma, ku njia ya kushukia Kituku ku ziwa. Shefu wa atelye, mukubwa wa mafundi, akaniangalia tangu kichwa mpaka miguu. Akauliza, "Dada, unakuja harusi ya nani?" Mafundi wote wakacheka, na miye nikacheka nao, juu kununa sikujua. Akanipa beseni ya mazuti, ile dizeli ya kamyo, na ndoo imejaa buloni chafu, zile bolti za moteri, akasema nioshe. Saa sita kikwembe kilikuwa nyeusi. Nilirudia nyumbani na furaha, ninanuka kama kamyo.

Masomo niliachia mu ya tatu primeri. Jina yangu, Riziki, najua kuiandika, na namba za ku funguo za buloni nazijua vizuri kuliko namba ya nyumba yangu. Basi, ninyi mafundi wa leo munaochomeka ordinateri, ile kompyuta, mu motokari na yenyewe inawaambia ugonjwa, mukae, niwaelezee vile sisi tulikuwa tunatafuta.

Shefu wa atelye alikuwa muzee wa Masisi, mufupi, hasemi mingi. Hakunifundisha na kitabu. Alikuwa anazimisha redio ya garaje, ananiita karibu na kamyo inalia.

"Riziki, inakuambia nini?"

"Inasema ina njaa, Shefu."

"Njaa ya nini?"

"Ya filtre mupya."

"Usiipikie mbele hujaangalia mudomo."

Ni kusema, usibadilishe kitu mbele ya kupima. Nilitoka ku kuosha buloni, nikapanda ku vidanje, ile ya kumwanga mafuta ya zamani na kutia mupya. Kiisha Shefu akaniacha nifunge karteri peke yangu. Karteri ni ile bakuli ya chuma chini ya moteri, mwenye mafuta inalala. Ukiifunga unapaka silikoni ku mudomo yake, gundi fulani inatoka mu tube kama dawa ya meno, ili mafuta isivuje. Shefu alinionyesha mara moja: "Paka kama uzi. Uzi tu."

Uzi. Miye nilifikiri muzee anabania tube yake. Na nilikuwa mwanamuke peke yangu mu ile garaje, nilitaka karteri yangu isivuje hata tone, mutu asiseme kitu. Nikapaka ile ya rangi ya bulu, nikapaka kwa upendo, kama margarini ku mukate wa mutoto.

Ile karteri ilikuwa ya kamyo ya okazion, ilikuja imezeeka tayari ku Ulaya. Patro wake, mwenye kamyo, alikuwa mufanyabiashara wa maharagi. Shofere alikuwa Papa Amisi, mutu wa Maniema, mupole, kofia yake nyeupe hata mu vumbi. Aliendeshea ule Patro miaka kumi na mbili. Kamyo ilitoka kwetu inangaa chini, kavu kabisa. Nilijisifu siku mbili.

Majuma mbili hazijaisha, mutu wa pikipiki anafika mu garaje. Papa Amisi amesimama Kibati, mu njia ya kuingia Goma, taa ya mafuta imewaka, hataki kuendesha tena.

Munaijua ile taa? Mu tablo, mbele ya shofere, kuko katoto ka taa nyekundu, kamechorwa kama birika inadondosha. Ukifungua kontakti na funguo, inawaka, moteri ikishika inazimika. Ikiwaka wakati unatembea, mafuta haipande tena na nguvu kule juu mu vyuma. Haisemi mafuta imeisha, musikie vizuri. Inasema mafuta haifike. Inaweza kuwa ndani, imejaa, na haifike. Mashofere wengi wa okazion walikuwa wanakata uzi wa ile taa, juu inawasumbua macho. Papa Amisi hakukata. Ilianza kumupigia jicho kule nyuma, Rumangabo, anapunguza mwendo, inazima. Kibati ikawaka yote. Akazimisha moteri palepale, akaweka mawe ku mapira, akashuka.

Tunafika na Shefu, tunakuta Patro ametutangulia, viatu vyake vinangaa juu ya mawe ya volkano. Analalamika mbele ya watu wote.

"Umeuzisha mafuta yangu, Papa Amisi. Umeuzisha mu njia."

"Patro, pima."

"Nipime nini? Umeshajazia ingine ili unidanganye. Kama moteri imekufa, funguo unaniachia leo, na kila mufanyabiashara wa Goma nitamwambia juu yako."

Papa Amisi alivua kofia, akairudisha. Batoto saba ilikuwa inakula ku ile usukani. Na mbele ya batoto kulikuwa jina yake. Shofere mwenye wanasema anauzisha mafuta, hakuna mutu anamupa kamyo tena, hata punda hawamupe.

 Shefu alisema tusukume kamyo kwanza pahali sawa, juu Kibati udongo inalala upande, na ku mulima jauge, ile fimbo ya kupimia, inadanganya. Tukasukuma, tukangoja mafuta ishuke. Jauge: imejaa vizuri, na haina arufu ya mazuti. Kiisha akaangalia mano, kaswichi kadogo kamefungwa ku moteri, njo kanatuma habari ku taa. Akatoa uzi, taa ikazima. Akagusisha uzi ku chuma, ikawaka. Uzi muzima. Akafungua mano, akafunga pale saa yake ya kupimia nguvu ya mafuta, akasema, "Papa Amisi, washa, hesabu tano, zima." Sindano ikatetemeka kidogo chini, ikalala.

"Taa inasema kweli," Shefu akasema. "Riziki, shuka chini. Fungua karteri."

Nikalala chini. Ninamwanga mafuta mu beseni safi, ninatoa buloni moja moja, ninashusha bakuli. Pale juu kuko krepini, ni kama kichungio ya chai, pompo inavutia mafuta kupitia pale. Krepini yangu ilikuwa imejaa minyoo. Minyoo ya bulu. Ile silikoni yote niliweka na upendo, ingine iliminyikia ndani, ikakauka, ikakatika, ikaogelea mpaka pale, ikafunga mulango.

Wajukuu wangu, nilikuwa peke yangu chini. Hakuna mutu aliona. Nilitoa ile minyoo na kidole, nikaiingiza mu mufuko. Ni kweli, niliiingiza. Nilifikiri nitasema ni pompo imechoka, okazion pompo inachoka kila siku, nani atabisha? Nilikuwa naona miguu tu: viatu vya Patro, na kando yake sandale za plastiki za Papa Amisi. Patro anasema, "Leta funguo."  Nilisikia funguo zinalia mu mukono ya Papa Amisi, anazitenganisha na za nyumba yake. Aliuliza tu, na sauti ndogo, "Patro, bibi yangu nitamuelezea nini?"

Nikatoka chini. Nikafungua mukono.

"Ni miye. Hii ni silikoni ya bulu, ni miye niliipaka. Shefu aliniambia uzi, nikapaka nyingi. Papa Amisi hajauzisha kitu."

Patro akageukia Shefu. "Huyu njo fundi wako?"

"Ni fundi yangu," Shefu akasema. "Kazi mubaya imetoka mu garaje yangu, basi gombeza miye. Na Papa Amisi, angalia, alizimisha mara moja. Angefika nayo mupaka Goma, saa hii tungekuwa tunabeba vyuma mu gunia. Moteri yako ni yeye ameikomboa."

Patro akaangalia ile minyoo ya bulu mu mukono yangu. Pole hakusema, wale watu pole inawakwama mu koo. Alisema tu, "Papa Amisi, rudisha funguo zako pamoja."

Nilifikiri Shefu atanifukuza palepale. Alinipa tube. "Safisha, funga. Tuone uzi." Nikapaka, uzi kabisa. Tukangoja ikauke, tukarudisha mafuta, Papa Amisi akafungua kontakti: taa ikawaka. Moteri ikashika: taa ikazima. Mu njia ya kurudia nililia, na Shefu akafanya kama anaangalia mulima Nyiragongo.

Papa Amisi hakunisalimia miezi mizima. Kamyo ikija, alikuwa anaomba fundi mwingine. Nilimuelewa.

Nilifanya kazi na ule Shefu mupaka alipofariki. Kisha nikaenda mu garaje ya Katindo, chini ya Direkteri kijana mwenye shati nyeupe, alikuwa ananiita "mama" mbele ya wateja na "Shefu" tukibakia wawili. Mafundi niliowafundisha silikoni siwahesabu. Magoti njo yalinistaafisha, yalikataa kulala juu ya mawe. Sasa ninauzisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ku mulango, na mafundi wananipigia ku telefone, wananisikilizisha moteri.

Watu wananiuliza, bila brevet, ile karatasi ya masomo, ulijua wapi kama wewe ni fundi? Ninawaambia juu ya asubui moja kule kwa Shefu. Papa Amisi aliingiza kamyo mu garaje, akapita mafundi wote, akasema, "Riziki, karteri inavuja." Njo neno yake ya kwanza tangu Kibati. Sasa, mu Goma shofere akifunguliwa moteri anasimama juu yako, anaangalia kila buloni, juu anaogopa utamubadilishia vipande. Hakalie hata kiti. Miye nikashuka chini, nikangojea kuona zile sandale. Hazikuja. Nikafungua, nikasafisha, nikapaka. Nilipotoka kumuonyesha, nilimukuta mu kabini, amejinyoosha ku viti vyote viwili, kofia juu ya macho, anakoroma.

Sikumuamsha. Nilikaa ku marshipie ya kamyo, ile ngazi ya kupandia, nikangoja silikoni ikauke.